Kamusi na Dawa ya Shangazi

Asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote, Kamusi alifagia chumba, akaosha vyombo, huku midomo ikimchezacheza. Alikuwa akikariri maneno ya Kiingereza. Jina la Kamusi alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa alijua maneno marefu ambayo kuyatamka tu kulichosha ulimi. Wiki ile mwalimu wa Kiingereza angechagua mwanafunzi mmoja wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya msamiati. Shule nzima ilijua angekuwa nani.

Jambo moja hawakulijua. Kamusi alikariri tahajia na matamshi tu. Maana aliziruka, kama mtu anayekula ganda akatupa ndizi. "Maana nitazisoma baadaye," alijiambia kila mara, na hiyo baadaye haikufika, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimechoka.

Ndani shangazi yake alikohoa. Shangazi ndiye aliyemlea, na alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Macho yalikuwa yamemwingia ndani kwa uchovu. Hata hivyo, kwenye sahani ya Kamusi aliweka kipande kikubwa cha mkate, kwenye yake akabakiza kidogo.

"Njoo unisomee, binti yangu," aliita, akimpa chupa ya dawa ya kikohozi. "Muuza dawa kaniambia kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Haya maandishi ya chini yanasemaje? Mimi na Kiingereza hatujuani."

Kamusi alisoma: "May cause drowsiness." Maneno mawili ya kwanza aliyaelewa: dawa ingeweza kuleta kitu fulani. La tatu alilijua kama kiganja chake. Angelitaja herufi moja moja hata akiamshwa usingizini. Lakini maana yake hakuijua.

Angesema "sijui". Ila Kamusi mzima ashindwe na chupa ya dawa?

"Inaleta nguvu," alisema.

"Afadhali! Nguvu ndiyo niliyopungukiwa. Leo nina mashati ya kushona mpaka darini." Shangazi alikunywa kijiko chake, akampapasa kichwani. "Una faida wewe mtoto." Akatoka akijikokota.

Sifa ile haikumkaa vizuri Kamusi. Njia nzima ya kwenda shule ilimkwaruza kama kijiwe ndani ya kiatu. Somo la Kiingereza lilipoanza, mwalimu aliuliza nani ana swali. Kamusi akainua mkono. Wenzake wakakaa sawasawa, wakingoja neno jipya refu.

"Mwalimu, 'drowsiness' maana yake nini?"

Darasa likaangua kicheko. "Jamani, leo Kamusi kachanika kurasa!" akadakia mvulana wa nyuma.

Mwalimu hakucheka. "Ni hali ya kulemewa na usingizi. Kusinzia. Kwa nini unauliza?"

Akilini Kamusi alikiona kichwa cha shangazi kikiinamia cherehani, na vidole vyake chini ya sindano inayokimbia.

"Naomba ruhusa, mwalimu. Nimemdanganya shangazi yangu kuhusu dawa."

"Kimbia," mwalimu alimwambia. "Mengine utanieleza ukirudi."

Karakanani alimkuta shangazi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani, kidole kimoja kimefungwa kitambaa chenye damu. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. Mbele yake alisimama msimamizi, mama mwenye miwani, ameshika shati ambalo mkono wake ulikuwa umeshonwa mahali pa kola.

"Hili atavaa nani, tembo?" aliuliza msimamizi. "Na rundo zima liko hivi hivi. Mimi si mkatili, dada, lakini hapa ni karakana, si nyumba ya wageni. Nenda nyumbani, na kesho usirudi."

"Sijui nimepatwa na nini," shangazi alijibu kwa ulimi mzito. "Nimekunywa dawa ya nguvu kabisa."

Pembeni, mzee mmoja aliyekuwa akishona vifungo alikuwa amelivuta lile rundo kimya kimya na kuanza kulifumua.

Kamusi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini shangazi alikuwa akifukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake.

"Kosa ni langu," alisema. "Aliniomba nimsomee chupa. Kulikuwa na neno nisilolijua, nikaona haya, nikatunga. Dawa hiyo inaleta usingizi. Mimi nikamwambia inaleta nguvu."

Msimamizi akaitoa ile chupa mkobani mwa shangazi, akaisoma, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye naye amechoka.

"Kumbe! Angeweza kupoteza kidole, binti. Unalijua hilo?"

"Najua, mama."

"Mlazeni pale kwenye marobota ya vitambaa. Kesho aje kazini kama kawaida. Na wewe, ukitoka shule, njoo ufumue mashati haya."

Masomo yalipoisha, Kamusi alikuja. Mzee wa vifungo alimwachia kiti chake, yeye akakalia debe. "Polepole, mjukuu wangu," alisema. "Kushona vibaya ni dakika, kufumua ni kutwa."

Jioni walirudi pamoja, hatua moja moja.

"Umenikasirikia, shangazi?"

"Nimechoka mno, hata hasira imenishinda." Shangazi alicheka kidogo, akakohoa. "Ila nisikilize. Neno usilolijua maana ni mzigo kichwani, huwezi kumsaidia mtu nalo. Nilikuamini, na kidole changu kikalipa. Kusema 'sijui' hakujamtoa mtu damu."

"Kesho nitamwambia mwalimu kwamba nusu ya maneno yangu ni maganda matupu."

"Mwambie. Kisha anza upya, hata kwa matatu kwa siku, lakini yenye nyama."

Walipitia duka la dawa wakaomba dawa nyingine. Kamusi aliigeuza chupa, akaisoma mpaka chini, akasita.

"Hapa kuna neno nisilolijua, shangazi. Ngoja nimuulize muuza dawa."

Shangazi aliegemea kaunta, akayafumba macho yake mazito, akangoja bila haraka.

"Sasa ndiyo umenisomea, mwanangu," alisema. "Kuuliza si ujinga."