Nani Anakata Majina ya Wasemaji?

Kila siku nikitoka shule, kabla sijaenda nyumbani, napitia maktaba. Shangazi yangu ndiye mkutubi pale, na kazi yangu ni kurudisha vitabu kwenye rafu na kupangusa vumbi. Nikimaliza naingia ukumbi wa nyuma, meza ya pili kutoka dirishani, nafanya kazi za shule. Nyumbani siwezi. Nyumbani kuna mapacha wa miezi saba, na wakianza kulia wanapokezana kama walinzi wa zamu.

Sasa ukumbi huo ndio uliotaka kutuponyoka. Jirani na maktaba kuna duka la magodoro, na mwenye duka, ambaye sisi tunamwita Bwana Magodoro, aliuomba uwe stoo yake. Alisema Jumamosi hakuna mtu anayeutumia, na meza zinaweza kukaa barazani. Barazani kuna jua, kuna vumbi, na kuna yeye mwenyewe akiita wateja. Nani atasoma pale?

Mama Mwenyekiti, mkuu wa kamati ya maktaba, akamwita Shangazi. "Nionyeshe kwamba ukumbi una kazi," alimwambia. "Andaa mazungumzo. Jumamosi sita, wasemaji sita, watu wa hapa hapa waje waeleze kazi zao. Ijumaa ijayo saa kumi nataka orodha ya uhakika. Nikikuta ya kubahatisha, Jumatatu nampa yule bwana funguo."

Shangazi akatugawia kazi. Mimi nikawa katibu wa kuwaalika wasemaji. Binamu yangu, mtoto wake Shangazi, akapewa kuandika tangazo. Tunamwita Redio kwa sababu ukimzima hazimiki.

"Katibu," alinitania, "usiwatishe hao watu kwa hilo sura lako la mtihani."

"Wewe andika," nikamjibu. "Na herufi zako zisilale chali."

Nilimaliza kazi yangu kwa alasiri moja. Mkunga nilimkuta kwenye lango la zahanati, mkoba begani, simu sikioni. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya Jumamosi ya kwanza. "Sawa mwanangu, sawa," alisema, nusu kwangu, nusu kwenye simu. Nikamwekea alama ya vema. Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, bisibisi imekaa mdomoni. Alisema, "Mmh." Mmh ni nini kama si ndiyo? Vema. Mfuga nyuki alisema, "Tutaona, binti." Vema. Dereva wa lori alipiga kelele kushinda injini yake, "Nimekusikia!" Vema. Mpima ardhi alisema, "Nikijaaliwa." Vema. Daktari wa mifugo hakuwepo, lakini mke wake alisema, "Nitamwambia." Nikaona mke akishaambiwa ni kama mume keshaambiwa. Vema ya sita.

"Wote wamekubali?" Shangazi aliuliza.

"Wote."

"Kwa midomo yao?"

"Kwa midomo yao, Shangazi," nikasema, huku naangalia viatu vyangu.

Jumatatu Redio akabandika tangazo mlangoni kwa ndani. Lilipendeza, nasema kweli. Jumanne nilipoingia nikakuta mstari mnene wa kijani umepita katikati ya "Mkunga wa zahanati". Umepita kwa nguvu mpaka karatasi imekwaruzika.

Nani kafanya hivi?

Ukumbini nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Bwana Magodoro! Amepiga magoti, anapima ukuta hadi ukuta kwa futi ya kamba. "Ohoo, Katibu," akasema. "Mambo ya wasemaji yanakwendaje?" Alitabasamu meno yote, mpaka ya nyuma. Mtu asiye na jambo hatabasamu hivyo.

Nikaenda dukani kwake, nikajifanya nabonyeza magodoro, kumbe nachungulia kalamu zake. Nyeusi tatu, nyekundu moja. Ya kijani hakuna. Nikajiambia, bila shaka kaificha.

Jumatano majina mengine mawili yamekatwa, dereva wa lori na mpima ardhi. Kijani kile kile. Nimesimama pale mdomo wazi, Redio akaja nyuma yangu.

"Hee! Nani huyo anatuharibia?" akasema, akanyoosha kidole kuonyesha. Nacho kidole kina doa la wino. La kijani.

 Nikamtazama, kisha nikakitazama kidole. Tangu hapo kila alichofanya kikawa ushahidi. Akicheka, anacheka kwa nini? Akinyamaza, ananyamazia nini? Nikakumbuka kwamba alitaka sana yeye ndiye awe katibu. Nikakumbuka jinsi alivyosema "anatuharibia" kwa sauti kubwa mno. Alipotoka kwenda msalani nikafungua mkoba wake. Nikakuta penseli, raba, na nusu ya andazi. Kalamu ya kijani hamna. Mjanja huyu, nikasema moyoni.

Jioni ile Mama Mwenyekiti akapita kutuangalia. Aliposoma tangazo, nyusi zikapanda. "Hii ni orodha au ni shamba lililovamiwa na nzige?"

Nikashindwa kuvumilia. "Ni Redio!" nikasema. "Ndiye anayekata majina. Mwangalieni kidole chake!"

Nilitegemea Redio apayuke kama kawaida yake. Wapi! Alikitazama kidole chake, akamtazama mama yake, macho yakajaa machozi. Mimi namjua tangu tunatambaa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amezimika.

"Umemwona akikata?" Shangazi akaniuliza.

"Sijamwona, lakini..."

"Hukumwona," Shangazi akasema.  Redio akachukua mkoba wake, akatoka. Mama Mwenyekiti akatukumbusha kwamba Ijumaa ni keshokutwa.

Alhamisi nikaamua kumkamata mhalifu mwenyewe. Niliwahi kutoka shule, nikajibanza nyuma ya kabati la magazeti, karibu na meza ya mapokezi. Shangazi alikuwa chumba cha ndani akigundisha majalada ya vitabu vilivyochanika. Mbu wakanipata vizuri. Akaingia Bwana Magodoro, nikaacha kupumua. Akasoma tangazo, akaguna kwa furaha, akaenda ukumbini na futi yake. Hakugusa kitu.

Kisha akaingia fundi umeme, mkoba wa vifaa begani. Akainama mezani, akaandika jina lake kwenye daftari la wageni kwa kalamu iliyofungwa na uzi pale pale mezani. Akaangaza huku na huku. "Hodi jamani!" Shangazi hakusikia. Fundi akafungua fundo la uzi, akaenda mlangoni na kalamu, akasoma tangazo, akasonya, na kwa mkono wake mwenyewe akalikata jina lake mwenyewe. Kwa kijani!

Nikaruka. "Nimekukamata!"

Masikini fundi nusura adondoshe mkoba. "Umenikamata nafanya nini? Jina si langu?"

"Kwa nini unajikata? Wewe si ulikubali!"

"Nilikubali lini?"

"Ulisema mmh!"

"Binti," fundi akasema, "nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, mkono mmoja kwenye waya. Ulitaka nisemeje? Nisome hotuba?" Akafuta jasho. "Mkunga ndiye kanishtua. Kaniambia, nenda kaangalie mlangoni mwa maktaba, na wewe umeandikwa. Yeye kajikata Jumanne. Kila Jumamosi ana kliniki, hana nafasi, na anasema hakuna aliyemuuliza ana nafasi au hana. Akawaambia na wengine."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha ndani, gundi mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Pembeni yake yupo Redio.

"Hiyo kalamu inavuja," Redio akasema taratibu. "Kila anayesaini daftari la wageni anachafuka kidole. Mimi nasaini kila siku."

Mimi sijawahi kusaini, maana najiona mwenyeji. Ndiyo sababu sikuijua kalamu iliyo hatua mbili kutoka ninapopangusa vumbi.

 Ningeweza kusema fundi ndiye alinichanganya, na mkunga, na mke wa daktari. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Redio alikuwa ananitazama.

"Shangazi, niliwadanganya," nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia atakuja. Daktari wa mifugo hata sijaonana naye. Niliweka vema ili nimalize haraka." Kisha nikamgeukia binamu yangu. "Na nimekusingizia. Mbele ya watu. Nilifungua mpaka mkoba wako. Nisamehe."

Redio akafikiri. Nilitamani aseme maneno mia kama kawaida yake. "Hiyo ya mkoba sikuijua," akasema mwishowe. "Hiyo bado inaniuma. Lakini twende tukawaulize watu, muda unakwisha."

Fundi umeme alitaka kuondoka. Nikamzuia, nikamwomba dakika moja, nikamuuliza taratibu kama mtu anayehitaji jibu: Je, ungependa kuja? Una nafasi Jumamosi gani? Tukuwekee saa ngapi? Akajikuna kichwa. "Jumamosi ya pili naweza, saa nne asubuhi. Nitawaonyesha kwa nini nyaya za redio zenu huwaka moto." Nikampa karatasi, akaandika mwenyewe, akatia saini.

Jioni ile na kesho yake tulizunguka mpaka soli zikalalamika. Mkunga alisema hapana, na mpima ardhi akasema hapana. Dereva alisema anasafiri miezi miwili. Kila hapana nilitaka ardhi inimeze, lakini niliiandika. Mfuga nyuki alikubali, akaandika siku na saa. Daktari wa mifugo, ambaye kumbe hakuwahi kuambiwa kitu, alifurahi kupita kiasi. Wakawa watatu.

Ijumaa saa kumi Mama Mwenyekiti alikaa ukumbini. Bwana Magodoro naye alikuwepo, futi ya kamba imening'inia shingoni kama fundi cherehani.

"Mmefikisha sita?" Mama Mwenyekiti akauliza.

Redio akanikanyaga mguu kidogo, maana yake sema.

"Watatu," nikasema. "Wale sita wa mwanzo nilijitungia mimi. Hakuna aliyewaharibia orodha yenu zaidi yangu. Hawa watatu wameandika wenyewe."

Bwana Magodoro akakohoa. "Basi Mama, makubaliano yalikuwa sita."

Mama Mwenyekiti akavaa miwani. Alisoma zile karatasi moja moja, akatoa simu, akampigia mfuga nyuki na kuweka sauti kubwa. "Umealikwa maktaba?"

"Ndiyo, kesho saa nne," sauti ikajibu. "Nakuja na mzinga mtupu. Waambie watoto wasiogope."

Akampigia fundi, akampigia na daktari wa mifugo. Majibu yakawa yale yale yaliyoandikwa. Akaikunja miwani yake.

"Nilisema nataka orodha ya uhakika," akamwambia Bwana Magodoro. "Hii hapa. Ni fupi, lakini ina watu ndani yake. Ukumbi unabaki kwao Jumamosi tatu. Watu wakija, katibu ataniletea wengine watatu, nao nitawapigia simu. Wasipokuja, tutaongea tena mimi na wewe."

Jumamosi walikuja watu arobaini na mmoja. Viti vilikuwa thelathini, wengine wakakaa madirishani. Walipoondoka, tulibaki watatu tukipanga meza.

"Shangazi," nikauliza, "mbona wiki nzima nilimwona kila mtu ana makosa? Mpaka magodoro niliyatilia shaka."

Shangazi akaweka kiti chini. "Kwa sababu ulijua ndani ya moyo wako kwamba orodha ile haikuwa ya kweli. Mtu akificha uongo wake, huanza kuutafuta mikononi mwa wengine, na humbebesha hata asiye nao. Siku nyingine ukishuku, anza na kazi yako mwenyewe. Iangalie vizuri. Ikiwa safi, ndipo uulize wengine, na uwaulize, usiwahukumu. Na ukimuuliza mtu swali, msubiri amalize kukujibu, hata kama jibu lake litakuongezea kazi."

Redio alikuwa upande wa pili wa ile meza yetu. Akashika pembe yake, mimi nikashika yangu, tukainyanyua pamoja na kuirudisha mahali pake, ya pili kutoka dirishani.