Ugonjwa Ulioitwa Mgeni

Asubuhi ile, katika chumba cha kliniki, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alikuwapo mama, mshona mapazia. Alikuwapo kaka, fundi bomba, ambaye hakualikwa. Na alikuwapo Kitinda, kama walivyomwita mtoto wa mwisho wa nyumba yao. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Kitinda alitazama pazia la dirisha. Upepo ulilijaza, ukaliachia, ukalijaza tena. Alihisi kana kwamba chumba kizima kinapumua, naye yumo kifuani mwake. Alilazwa katika jengo hili akiwa na miaka sita. Alikumbuka mambo machache tu: chupa ya dawa juu ya kichwa, tone likifuata tone, na sauti ya mama ikiimba kama iliyo chini ya maji.

"Hajambo, daktari," mama alisema. "Anakula, analala. Ila chuo cha ufundi wa umeme kimemwita, mji wa mbali, naye hataki kujibu barua. Mwisho ni Ijumaa."

"Nimekusikia, mama. Sasa naomba nimsikie mwenyewe." Daktari akakigeuza kiti chake. "Mwanangu, ulipokuwa mdogo uliugua nini?"

Kitinda alijibu bila kufikiri. "Nilikuwa na mgeni."

Kaka aliangua kicheko. "Tena mgeni asiyejua kwamba siku ya tatu hupewa jembe! Alikaa miaka miwili!"

"Wewe, hebu funga hilo bomba," mama alimkemea.

Kisha akaeleza. Neno saratani lilimtisha, hakutaka mtoto alisikie. Nyumbani wakauita ugonjwa ule mgeni. Dawa zilipokwisha, wakamwambia mtoto kwamba mgeni ameondoka.

"Na mgeni akiondoka," Kitinda alisema polepole, "huambiwa karibu tena."

Hakuna aliyecheka. Pazia lilijaa, likashuka.

"Mtu akipiga hodi nyumbani, moyo wangu hushtuka," aliendelea. "Naogopa atanifuata chuoni, nami niko peke yangu."

"Jamani, mwanangu! Nilidhani nakukinga," mama alisema.

"Ulimkinga kadiri ulivyojua," daktari alisema. "Mtoto wa miaka sita huelezwa kidogo. Akikua, huongezewa. Basi leo tumwongezee. Kitinda, uliugua saratani ya damu. Hukuileta wewe, wala mama yako. Ulitibiwa ukapona. Miaka tisa imepita tangu dawa ya mwisho. Baada ya muda huo, ni nadra sana ugonjwa huo kurudi."

"Nadra maana yake haurudi kabisa?"

"Hapana. Maana yake ni mara chache mno. Sitakudanganya."

Ajabu ni kwamba jibu hilo lilimtuliza kuliko ahadi zote alizowahi kupewa.

"Kama nimepona, mbona mnanipima kila mwaka?"

"Swali zuri. Dawa zile zilikuwa kali. Nyingine huweza kuudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Tukiupima, tunawahi tatizo lingali dogo. Ukihema kwa kazi nyepesi, au miguu ikivimba, usingoje kliniki ya mwaka. Nenda hospitali iliyo karibu." Akampa karatasi moja. "Hapa pameandikwa ugonjwa wako, dawa ulizopewa na vipimo vya kuendelea navyo. Kila daktari mpya umwonyeshe. Na hofu hiyo pia huwapata wengi waliopona. Ikikuzidi, tuambie. Tuna mshauri wa kuzungumza naye."

Kitinda alisoma jina la ugonjwa, herufi kwa herufi. Lilikuwa neno tu, limelala kwenye karatasi. Alivuta pumzi. Alijiona kama mtu anayepanda kutoka kilindini, maji yakizidi kuwa meupe, hata uso wake ukatoka juani.

"Mama, siku zile uliogopa?" aliuliza.

"Niliogopa mno. Ndiyo maana nilikuwa nakuimbia."

Mama akaushika mkono wake. Daktari hakuwaharakisha.

Ndipo Kitinda akaikunja karatasi, akasimama, akawatazama wote watatu.

"Nimeamua," alisema. "Nakwenda chuoni. Barua naijibu leo, na karatasi hii nitaitunza mimi. Kliniki ijayo nitakuja mwenyewe. Msinisindikize."