Kidole cha Fundi Simu

Walikutana kwa kugombana. Stendi ilikuwa imefurika watu wa jioni, na kwenye kibanda cha fundi simu alisimama binti aliyevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, mwenyewe kalishona, anagonga meza.

"Fundi, jana ulisema leo."

"Na leo nasema kesho, mrembo. Ili urudi."

"Ala! Kumbe unachelewesha simu za watu upate mchumba?"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Tangu hapo ile simu ikawa haiishi kuharibika. Mdogo wa binti, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, akaanza kumwita fundi shemeji kabla wenyewe hawajaambizana lolote. Fundi akasuka waya za chaja zilizokufa, nyekundu na buluu, akamvisha mpenzi wake bangili.

"Dhahabu itakuja, laazizi."

"Hii inanitosha. Dhahabu ya nini kwenye cherehani?"

Binti na Chiriku walishona mashati kiwandani. Na kiwanda hicho, jamani, zamu ikianza kilifunga milango yote miwili kwa makufuli, wa mbele na wa nyuma, eti watu wasiibe vitambaa. Fundi alikuwa na ukurasa mtandaoni wa kutetea wanyonge. Binti akarekodi yale makufuli, akamtumia.

"Nifiche lakini, mpenzi. Mama anatutegemea sisi."

Fundi akaficha sura zote, akabadilisha sauti. Mkono akauacha. Bangili yake ilikuwa imetulia pale kando ya kufuli, akaiona ilivyopendeza, roho ikakataa kuifuta. Mapenzi nayo yana ujinga wake.

Video ikasambaa nchi nzima. Wakaguzi wakaja mbio, makufuli yakang'olewa, mwenye kiwanda akaomba radhi huku jasho linamtoka. Chiriku aliimba nyumbani usiku kucha. Kesho yake msimamizi akapita kwenye mashine akitazama mikono, akasimama penye bangili. Binti akafukuzwa palepale, na viwanda vingine vikaonywa visimchukue.

"Nisamehe, kipenzi," fundi alisema kwenye simu. "Lakini umeona wanavyokuita shujaa?"

"Ushujaa unapikwa? Nilikuomba kitu kimoja tu!"

"Nitakutetea. Naandika sasa hivi..."

"Usiandike. Njoo ukae na mimi."

"Nikimaliza hili nakuja."

Hakwenda. Ukurasa ulikuwa umenenepa, kila siku anaitwa kwenye mjadala huu na ule. Binti akavua bangili, akaitupa nyuma ya kabati, akaapa hatapokea simu yake tena. Fundi alipozinduka akapiga, akapiga, akapiga. Wapi!

Wiki zikapita. Watu wa mtandaoni wakahamia kwenye jambo jingine, wakaguzi hawakurudi, na kufuli la mlango wa nyuma likarejeshwa kimyakimya. Chiriku akaliona. Asubuhi moja, kabla ya zamu, akapitia kibandani. Fundi alikuwa hewani, koti la kuazima mwilini, anawaeleza watazamaji jinsi mtandao ulivyofungua milango ya kiwanda.

"Shemeji..."

Fundi akainua kidole bila kugeuka. Subiri kidogo.

Chiriku akasubiri. King'ora cha kiwanda kikalia, akaondoka kuwahi zamu.

Siku hiyohiyo moto ulianzia chumba cha kupigia pasi. Waliokimbilia mlango wa mbele walitoka, tena wengi. Waliokimbilia wa nyuma hawakutoka, na Chiriku, ambaye moto ulimzibia njia ya mbele, alikuwa miongoni mwao.

Baada ya mazishi binti alifika kibandani na gauni jeusi, macho yamevimba. Akaweka simu mezani. Ilikuwa video ya mjadala wa asubuhi ya moto.

"Tazama nyuma yako."

Fundi akatazama. Chiriku amesimama karibu na chaja, na sare yake ya kazi. Anafungua mdomo. Anaufunga. Anatazama saa, anatoka.

"Alikuja kukwambia kufuli limerudi," binti alisema. "Aliniambia mimi kwanza. Nikamjibu, nenda kwa shemeji yako, mimi siongei naye." Akaizima video. "Ningekupigia mimi, ungepokea?"

"Ningepokea. Wallahi ningepokea mbele ya dunia nzima."

"Hilo ndilo linaloniua."

Fundi alilia kama mtoto. "Naufunga ukurasa leo hii. Basi."

"Usiufunge. Bila huo, mlango wa mbele nao ungekuwa na kufuli."

"Nifanye nini, mpenzi? Nikuoe. Ukiniita nitakuja, naapa, nitaacha kila kitu nije."

Binti alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuuma kuliko yote. Akainua mkono, na fundi akaiona bangili ya waya imerudi mahali pake. Kisha akainua kidole kimoja, kama kile cha kwenye video.

Akageuka, akapotea kwenye umati wa stendi. Simu za kibandani zililia, ujumbe ukiingia juu ya ujumbe, watu wakitaka fundi aseme neno juu ya moto. Fundi alibaki amesimama mlangoni, anasubiri.