Opera Iliyoshushwa

Kinukuzi, mashine ya kugeuza muziki wa okestra kuwa wa piano, kilisikiliza opera nzima ya muda wa saa tatu, waimbaji sitini na okestra yao, na kabla chai ya Damari haijapoa, vidole vyake ishirini vya chuma vilikuwa vikiipiga yote kwenye piano moja.

Zamani, mpiga piano mmoja wa Hungaria alizunguka Ulaya akizisuka upya opera za wenzake kwa piano. Damari aliisomea sanaa hiyo. Kwa miaka kumi na tisa, kila opera aliyoitunga mumewe, Kefa, ni yeye aliyeinukuu kwa piano.

"Na hii umeipa mashine?" alimuuliza.

"Hii tu, Mama Lulu. Usinihoji."

Kila alasiri Kefa alijifungia na kinukuzi. Siku moja Damari alichungulia dirishani, akamwona ameegemeza shavu kwenye ubao wa piano, anatabasamu. Tabasamu hilo alikuwa hajaliona mwaka mzima. Akajihisi ameingizwa uke wenza na chuma.

Siku ya onyesho, katika ukumbi mkuu wa Dodoma, kabla kinukuzi hakijaanza kupiga, aliingia nyuma ya jukwaa, akafuta unukuzi wote kwenye kumbukumbu yake. Kisha akaketi kwenye piano yeye mwenyewe na kuipiga opera alivyoinukuu kwa siri, mkono wa kulia ukimwaga sauti za juu kama mvua ya mawe. Ukumbi mzima ulisimama. Kefa, kwenye safu ya mbele, alipiga makofi baada ya kuwaona wengine wakipiga.

Walipobaki wawili, Damari alimweleza alichofanya. Kefa alimtazama midomo, kisha akaketi.

"Sauti za juu zimenitoka masikioni, mke wangu. Nimebakiwa na za chini, tena mpaka niegemee ubao. Kinukuzi kilinipima masikio, kikaishusha opera yote hadi ninapoifikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanipigia kwa huruma."

"Kesho kitainukuu tena."

"Kila wiki sauti ninazosikia zinapungua. Kesho sijui nitaamka na ngapi."

Damari alimshika mkono, akamlaza shavu kwenye ubao. Akabonyeza katikati ya piano.

"Hiyo je?"

"Shuka."

Akashuka, akashuka tena, hadi Kefa akafumba macho.

"Hapo."

Akaianza opera upya kutoka hapo, polepole, akikosea, huku akijua kwamba mashine ingeipiga vizuri zaidi. Wivu ulikuwa bado haujamtoka. Hakuacha kupiga.