Kitambi cha Yotham

Asubuhi ya Mwaka Mpya, ndugu zangu, nyumba ya Yotham pale Chamwino ilikuwa imetulia kabisa. Watu wametoka kanisani, watoto wanacheza uani na nguo zao mpya, na Yotham mwenyewe, dereva wa serikali, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambi kimetangulia mbele. Dada yake Penina, aliyewasili kutoka Gulwe na majogoo wawili, alimtazama akaridhika. Penina ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Miaka mingi walikula ugali wa uwele kwa mlenda usio na hata chumvi, na kila alipokiona kitambi kile aliona jasho lake halikwenda bure.

Kisha Ursula, mke wa Yotham, akaleta chakula. Ugali wa uwele, kidogo tu. Mlenda. Na kuku wa kuchemsha, kipande kimoja kwa kila mtu.

"Wifi, hiki ni nini?" Penina aliuliza.

Yotham ndiye aliyejibu. "Dada, nilipimwa mwezi wa kumi na moja. Nina kisukari. Mwaka huu nimeamua kubadilika. Dawa kila siku, kutembea kila alfajiri, soda basi, bia basi, na sahani yangu ndiyo hii."

"Mimi namuuliza mkeo."

"Ndivyo tulivyoshauriwa kliniki, wifi," Ursula alisema kwa upole.

"Chakula cha njaa, siku ya sikukuu! Mimi nimemtoa mdogo wangu huko, wewe unamrudisha? Una roho mbaya, mwanamke!"

Hakugusa tonge. Kesho yake alirudi Gulwe bila kumuaga wifi yake.

Yotham alishika neno lake. Hadi kufika Pasaka sukari ilikuwa imeshuka, usingizi anaupata, na muuguzi wa kliniki alimpongeza. Ila suruali zilimpwaya, na midomo yetu mnaijua. Sisi mtu akinenepa tunampa hongera. Akipungua tunamtafutia ugonjwa. Penina alipokuja Pasaka, mama mmoja jirani, Anyesi, alimvuta pembeni nje ya kanisa. "Mdogo wako ana ule ugonjwa, au mkewe anamfanyia mambo?"

Penina aliondoka pale kwa hasira. Alifika nyumbani akamkuta Ursula anahudumia wageni, akamvaa palepale.

"Unamuua ndugu yangu ubaki na nyumba!"

"Wifi, sukari imeshuka. Angalia kadi yake ya kliniki."

"Kadi inaliwa? Mtu amebaki mifupa, wewe unanionyesha kadi!"

Yotham alikuwa hapo na hakumtetea mkewe. Aliona aibu mbele ya wageni. Alikuwa na likizo ya mwezi mzima, na jioni ile akamwambia mkewe, "Mama Aneth, acha niende Gulwe kidogo, maneno yapoe."

Ursula alimfungia dawa na kadi kwenye mfuko mmoja. "Asubuhi na jioni, usiruke. Na miguu uikague kila siku."

Walipofika Gulwe, Penina aliuchukua ule mfuko akaufungia sandukuni. "Dawa hizi ndizo zinazokukondesha. Wewe kula." Na chakula kilikuwepo kweli: wali, chapati, mbuzi wa kukaanga, soda mbili kila mchana. Wiki ya kwanza Yotham aliulizia dawa zake. Wiki ya pili hakuuliza tena. Simwonei huruma sana hapo. Mtu wa miaka hamsini na moja hakufungwa kamba, na njia ya kurudi Chamwino aliijua.

Ursula alipiga simu kila siku, na kila siku aliyepokea alikuwa Penina. "Mumeo anakula vizuri, ndiyo maana hana haja na wewe," alimjibu, kisha akakata.

Wiki ya tatu mashavu yalirudi. Penina akamnunulia mdogo wake viatu vipya vya ngozi, akampeleka kanisani na kumkalisha benchi la mbele. Watu walimsifia. Penina alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Viatu vilibana, lakini Yotham hakusikia maumivu, maana sukari ilikuwa imekwisha kutia ganzi nyayo zake. Kidonda kikatokea chini ya kidole gumba. Penina alikiona. Akakiosha kwa maji ya chumvi, akasema ni mchubuko wa kiatu, utapona.

Siku ya ishirini na sita chumba kilinuka. Yotham alikuwa na homa kali, anaweweseka, anamwita mkewe. Walikodi gari mpaka hospitali Dodoma mjini. Daktari alifunua ule mguu wa kulia, akatazama mara moja tu. Ulikatwa chini ya goti siku ileile.

Ursula alifika, akamkuta Penina kwenye korido, kajiinamia.

"Wifi, mimi nilimpenda," Penina alisema huku analia.

"Na mimi nilimpenda, ndiyo maana nilimpa mlenda. Sikutafuta kusifiwa kanisani." Ursula hakulia. "Shikamoo nitakupa mpaka ufe, kwa sababu umenizidi umri. Sahani ya mume wangu hutaigusa tena."

Penina aliporuhusiwa kuingia wodini, Yotham alikuwa macho.

"Umenilea, dada, siwezi kusahau," alisema. "Lakini mguu uliokuwa unakanyaga mafuta ndio huo umekwenda. Udereva umeisha. Na mimi nilikuwa najua. Kila soda niliyofungua, nilikuwa najua." Akageukia ukutani.

Penina alisimama pale muda mrefu akimsubiri ageuke. Hakugeuka.

FUNZO

Kila Januari tunaahidi mengi: tutatembea, tutapunguza sukari, mafuta na pombe, tutapima afya, tutameza dawa kama tulivyoelekezwa. Ni ahadi nzuri na hazihitaji utajiri. Uwele na mlenda tunavyo, na barabara ya kutembea ni bure. Kinachotushinda ni kuogopa macho ya watu. Wewe mgonjwa, usimpe mtu mwingine mfuko wa dawa zako, hata kama ndiye aliyekulea. Wewe mke au mume, shikilia kadi ya kliniki hata wakikutukana. Na wewe ndugu unayependa kuona watu wako wamenenepa, nasema na wewe hasa: ukimwona ndugu yako anapungua kwa sababu ameamua kuishi, nyamaza. Ukishindwa kunyamaza, mpe hongera. Penina angesema neno hilo moja tu siku ya Mwaka Mpya, Yotham angekuwa anatembea leo.