Nani Alikuruhusu Kuamka?

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Dakika alipitia kwanza maktaba ya shule, chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati, kuhakikisha kwamba kile kitabu bado kipo. Dakika si jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kwa sababu kila alipoitwa akiwa anasoma alijibu, "Dakika moja tu," na dakika hiyo iliweza kumaliza saa nzima.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya kubuni ya kisayansi, ya pekee katika rafu zote mbili. Kilisimulia safari ya chombo cha angani kwenda sayari yenye majua mawili. Dakika alikuwa amekisoma mara nne, na mara zote nne alifika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, nahodha akanyoosha mkono kufungua mlango, halafu basi. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa na mtu asiyejulikana, labda akazifungia karanga. Dakika alimchukia mtu huyo kwa moyo wake wote.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili alipotangaza kwamba hadithi moja ya kisayansi kutoka darasa la sita itachapwa katika kitabu cha shule, Dakika alijua ni yake tu. Aliandika kwa siku tatu. Alijenga mji mwezini, akaufunika kwa paa la kioo, akaweka humo watu mia mbili na mtambo mkubwa wa kutengeneza hewa. Kisha hewa ikaanza kupungua.

Alhamisi asubuhi mwalimu aliingia na daftari zao, akazibwaga mezani kwa kishindo.

"Nimesoma hadithi thelathini na nane," alisema. "Thelathini na moja zimeishia 'kumbe ilikuwa ndoto'. Hili ni darasa au bweni? Msicheke! Mmoja wenu ametafunwa na roboti, akamezwa, halafu mama yake akamwamsha aende shule!"

Goli, aliyeketi dawati moja na Dakika, aliinamisha kichwa. Roboti ile ilikuwa yake. "Mimi nilidhani ni sheria," alinong'ona. "Insha zote si huwa zinaisha hivyo?"

Dakika alifungua daftari lake. Chini ya sentensi yake ya mwisho, "Mara nikasikia mama akiniita, kumbe ilikuwa ndoto," palikuwa na maneno kwa kalamu nyekundu: *Nani alikuruhusu kuamka?*

Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu mlangoni mwa ofisi ya walimu, amenuna.

"Mwalimu, lakini hadithi yangu ni nzuri."

"Nzuri sana, mpaka ukurasa wa nane. Wewe si ndiye uliyenisumbua muhula mzima kwa sababu ya kitabu kilichochanwa? Mimi nimekaa roho juu, watu mia mbili hawana hewa, nafungua ukurasa wa mwisho, wapi! Umenichania kurasa, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Dakika. Yeye, kuwekwa kundi moja na mfungia karanga!

"Hakuna njia ya kuwatoa, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeitafuta?"

Dakika alifungua tena daftari, ukurasa wa nane.

"Hadithi inakwenda kwa mpiga chapa kesho saa nne. Niletee mwisho asubuhi. Wakipona, wapone kweli. Wakifa, wafe kweli. Ila asiamke mtu!"

Jioni ile Dakika alikaa kwenye kona ya karakana ya mama yake, fundi wa friji, karatasi alizochomoa daftarini zikiwa gotini. Aliandika kwamba roketi ya uokozi ilitokea ghafla, akakata. Aliandika kwamba hewa ilirudi yenyewe, akakata kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Goli alikuwa amemshauri aweke roboti, lakini roboti nayo ingefanya nini?

Kule mlangoni mama naye alikuwa na yake. Muuza maziwa wa mtaa wa pili alikuwa ameleta friji iliyokwisha kupita kwa mafundi wawili.

"Fundi, nimechoka," alisema muuza maziwa. "Inanguruma usiku na mchana bila kupumzika, na maziwa yanachacha tu. Wameshabadilisha kompresa mara mbili!"

"Kompresa imewakosea nini jamani?" Mama alishika kiuno. "Kitu kikinguruma, wanang'oa kinachonguruma! Hakuna aliyejiuliza kwa nini hakipumziki? Dakika, nipe karatasi."

"Dakika moja..."

"Sasa hivi!"

Kabla Dakika hajachagua, mama alimnyang'anya ukurasa wa nane. Akauweka kwenye mlango wa friji, nusu ndani, nusu nje, akafunga. Akauvuta. Ukatoka bila kipingamizi, umekunjika na kuchafuka grisi.

"Mama! Hiyo ni hadithi yangu!"

"Tulia uone. Mlango ukiwa mzima, karatasi inabanwa. Hapa imeteleza. Mpira wa mlango umekwisha, dada. Ubaridi wote unatoka nje, halafu mashine inalaumiwa."

Dakika alikuwa tayari kulia. Mdomo ukabaki wazi. Alimtazama mama, akautazama mlango, kisha akaokota ukurasa wake.

"Mama, mpira huo unaharibiwa na nini?"

"Kufunguafungua. Na watoto kuning'inia mlangoni."

Dakika alirudi kwenye kona yake, na safari hii hakukata sentensi hata moja. Huko mwezini mafundi walikuwa wameufungua mtambo mara mbili bila kuona kosa. Msichana mmoja akachanachana daftari lake, akarusha vipande vidogo hewani. Vikashuka polepole, kisha vyote vikaanza kusogea upande mmoja, kuelekea mlango wa stoo iliyokuwa nje ya paa la kioo, mlango ambao yeye na wenzake walizoea kuuning'inia wakicheza. Ilibidi akiri mbele ya watu mia mbili kwamba wao ndio walioharibu mpira wa mlango huo. Sehemu hiyo ndiyo iliyomtoa Dakika jasho zaidi.

Asubuhi mwalimu alisoma akiwa amesimama kibarazani. Kengele ikagongwa, hakusogea.

"Mpira wa mlango!" alisema hatimaye. "Muda wote huo, mpira wa mlango! Na hii grisi je?"

Dakika alieleza habari ya mama na friji. Mwalimu akacheka, kisha akawa makini.

"Sikiliza. Mwezi wako ni wa kubuni, lakini shida uliyowatia watu wako ni ya kweli kwao. Ukishawatia shidani, huna ruhusa ya kuwakimbia. Wale mafundi wawili walikimbia, wakabadilisha kompresa. Na wewe ulikimbia, ukaamka. Mama yako alikaa na ile friji mpaka ikasema kosa lake. Kazi yoyote iko hivyo, ya friji na ya kalamu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii inakwenda kwa mpiga chapa, na grisi yake."

Kisha mwalimu alitoa kitu kwenye mkoba. Kilikuwa kile kitabu cha maktaba. Baada ya ukurasa wa mia moja na kumi na mbili palikuwa pamegundishwa karatasi kumi nyeupe, zisizo na neno.

"Nahodha ameshika huo mlango miaka mingi," alisema. "Mkono umechoka. Haya, sasa darasani."

Dakika alikuwa amekwisha kuketi kwenye ngazi, kalamu mkononi.

"Dakika moja tu, mwalimu."