Ndoo ya Maji ya Kunywa

Irine alikuwa amechuchumaa nyuma ya hema akipiga mswaki. Ilikuwa asubuhi ya tatu ya kambi ya darasa la sita, na kila asubuhi alifanya vilevile: kikombe kimoja cha maji, dawa kidogo, kisha anatema mbali na njia. Ukungu ulikuwa mzito, hata migomba iliyozunguka kiwanja cha kanisa haikuonekana. Povu lilikuwa bado mdomoni aliposikia kelele ndani ya hema.

"Mwalimu! Njoo haraka! Leticia anatapika!"

Leticia alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Irine alimkuta amejikunja juu ya mkeka, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alikuwa akiharisha tangu alfajiri, lakini aliona aibu kuwaambia wenzake. Mwalimu Redempta alimfunga kwa khanga, akambeba mgongoni na kushuka naye hadi zahanati. Irine aliwafuata na begi la mgonjwa.

"Mmekula nini huko kambini? Maji mnakunywa ya wapi?" muuguzi aliuliza huku akitafuta mshipa wa kutundikia dripu.

"Chakula ni makande, anatupikia mwenyeji wetu, Mama Eliakunda," mwalimu alijibu. "Maji tunachemsha. Irine ndiye kiongozi wa maji. Si mnachemsha, Irine?"

"Ndiyo, mwalimu," Irine alijibu akitazama sakafu.

Haikuwa kweli. Kabla ya safari, mwalimu aliwaandikia ubaoni vitu vyote vya kubeba: sabuni, mswaki, taulo, kandambili, karatasi za chooni, pedi kwa wasichana wanaozihitaji, na ndoo yenye mfuniko na bomba. Hakuna kilichosahaulika. Jioni ya kwanza Irine alijaribu kuwasha moto, lakini kuni zilikuwa zimelowa. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na wenzake walishaanza kuimba uwanjani. Akayatazama maji ya chemchemi kwenye sufuria. Kwao Same mjini maji ya bomba huja baada ya siku nyingi, tena mara nyingine huja na rangi ya udongo. Haya yalikuwa baridi na maangavu, hata alama za chini ya sufuria zilionekana. Aliyamimina kwenye ndoo bila kuyachemsha. Jioni ya pili alirudia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameugua.

"Basi itakuwa ni chakula," muuguzi alisema.

Mwalimu alimgeukia Irine. "Rudi kambini. Mwambie Mama Eliakunda makande yaliyobaki asimpe mtu."

Njia ya kupanda ilikuwa ya utelezi. Mama Eliakunda alikuwa jikoni, amekwisha kupanga sahani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ametundikiwa dripu. Mwalimu amesema... makande yasiliwe. Wanasema ndiyo yamemdhuru."

Mama Eliakunda aliitua sufuria polepole, akamwaga makande yote kwenye shimo la taka, kisha akaanza kuisugua kwa majivu. Aliisugua hata mahali palipokuwa safi tayari. Irine alisimama mlangoni akitazama mgongo wake.

"Jamani, kumbe makande ya mama yalitaka kutumaliza!" Asheri, mvulana mtundu wa darasa lao, alipaza sauti nje. "Bora ninywe maji, nishibe hayohayo!"

Wenzake walicheka. Irine aligeuka, akamwona ameinamia ndoo, kikombe kimejaa.

"Usinywe!" Alikimbia na kukipiga kikombe kikaanguka.

"We, una kichaa?"

"Hayakuchemshwa," Irine alisema. "Si ya juzi wala ya jana. Nilidanganya. Makande hayana kosa."

Mama Eliakunda alitoka jikoni, mikono ina majivu.

"Mwanangu, sisi wa huku wenyewe tunayachemsha. Juu ya chemchemi ile ng'ombe wanapita kila siku." Akapangusa mikono. "Kuni kavu ninazo darini. Ungeniomba tu."

Maneno hayo yalimuuma Irine kuliko kama angechapwa. Walimwaga maji, wakaosha ndoo kwa sabuni, wakachemsha mengine mpaka yakatokota. Kisha Mama Eliakunda akafuatana naye zahanati. Irine alimweleza mwalimu yote mbele ya muuguzi, na muuguzi akaagiza kila mwanafunzi mwenye maumivu ya tumbo aletwe siku hiyohiyo.

Mwalimu Redempta alimwomba radhi Mama Eliakunda kwanza. Kisha akamwambia Irine, bila kumkaripia, "Vitu vyote tulivyoandika tulikuja navyo. Lakini ndoo na sabuni havimlindi mtu kama aliyepewa kazi haifanyi. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, utasaidiwa. Ukisema umefanya na hujafanya, wanaoumia ni wanaokuamini. Na mimi nilipaswa kuja kuutazama ule moto."

Alasiri Leticia alifumbua macho. Kutapika kulikuwa kumekoma, lakini uso wake ulikuwa bado umepauka. Irine aliketi pembeni ya kitanda.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo."

"Nje kuna ukungu."

"Najua."

Irine alivuta shuka, akamfunika miguu. Alilikunja pindo, akalikunjua tena.

"Muuguzi ameniuliza nilikunywa vikombe vingapi," Leticia alisema taratibu. "Nikamwambia vinne. Nilikuwa na kiu sana, Irine."

Irine aliliachia shuka, akamtazama usoni.

"Maji yale sikuyachemsha. Nilijua, na bado nikakuona unakunywa. Ni mimi niliyekuumiza, Leticia. Naomba unisamehe."